Je, mtu anaweza kuishi kwa kazi ya kulinganisha sauti za piano hapa Lubumbashi?

Kijana wa Katuba anauliza:

Wazee wangu na ndugu zangu, jambo yenu wote. Nina miaka 26, ninaishi Katuba, na kwa miaka sita sasa ninapiga kinanda cha umeme katika korali ya kanisa letu. Riziki yangu naitafuta kwa kutengeneza redio, spika na magitaa, kazi inayonilisha siku tatu na kunilaza njaa siku ya nne.

Miezi michache iliyopita kanisa la jirani lilipewa piano ya kusimama, ya zamani sana, iliyokuwa imefungiwa katika nyumba moja ya mjini tangu wenyewe walipohama. Kwa kuwa kila mtu anajua kwamba mimi ni mtu wa kufungua vitu, niliitwa. Nilikuta sauti zote zimeshuka kwa karibu nusu toni, kiasi kwamba piano hiyo na kinanda chetu cha umeme havikuweza kusindikiza wimbo mmoja. Nikaweka katika simu programu ya kupimia sauti, nikatafuta spana iliyoonekana kukaa sawasawa juu ya vile vigingi vya chuma vinavyokaza nyuzi, nikaanza kukaza. Nilifanya kazi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Uzi mmoja ulikatika kwa mlio wa mjeledi na kunichana kidole, vigingi viwili vikalika pembe kwa ajili ya spana yangu, lakini ilipofika jioni sindano ya programu ilikuwa inasimama katikati kwa kila sauti niliyoigusa, nami nikarudi nyumbani nikijiona bwana. Kesho yake asubuhi sauti zilikuwa zimetawanyika kama mbuzi waliokosa mchungaji.

Pamoja na aibu ile, kazi yenyewe imenishika moyo. Naomba wenye ujuzi waniambie mambo matatu: kama katika jiji hili mtu anaweza kula kwa kazi ya piano, siku ya fundi wa piano inakwendaje, na kama simu yenye programu nzuri inatosha kwa kuanzia.

Fundi wa Kamalondo anajibu:

Kijana wangu, kazi hii nimeifanya kwa miaka 31. Nilifundishwa na bruda mmoja wa misheni ambaye alikuwa akinigonga vidole kwa kipande cha ubao kila nilipokaza kigingi kwa pupa. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa jibu lake ndilo litakalokuonyesha kama utayaweza yale mengine.

Simu haikukudanganya. Jioni ile sauti zilikuwa sawa kweli, ila mkono wako haukuzifunga. Piano ina vibao 88 vya kubonyeza, lakini nyuzi zake ni kama 230, kwa sababu kila sauti ya juu na ya kati ina nyuzi tatu, zinazofuata upande wa chini zina mbili mbili, na besi za mwisho zina uzi mmoja mmoja mnene uliozungushiwa waya wa shaba. Kila uzi unavuta kwa nguvu ya kilo 70 hadi 80 hivi. Ukizijumlisha zote unapata karibu tani 18, na mzigo huo wote unabebwa na fremu ya chuma na vigingi vilivyopigiliwa katika ubao mgumu wa tabaka nyingi, ambao sisi tunauita somye. Kupandisha nusu toni kunaongeza mkazo wa uzi kwa asilimia 12 hivi. Maana yake ni kwamba siku ile moja uliitwisha piano kongwe tani mbili nyingine, na ulipokuwa unakaza nyuzi za mchana, ubao wa sauti na fremu vilikuwa vinajipinda kidogo kidogo na kuzilegeza zile ulizozimaliza asubuhi.

Piano iliyoshuka kiasi hicho haipandishwi kwa siku moja. Mara ya kwanza fundi anapita haraka bila kutafuta uzuri, tena anaivuka kidogo sauti anayoitaka, kwa kuwa anajua itarudi chini. Anaiacha ipumzike wiki mbili hivi, anapita tena, na ndipo katika mara ya tatu anaanza kusikiliza kwa makini. Kama nyuzi zina kutu, mimi humwambia mwenye piano waziwazi kwamba tuiache chini mahali ilipo, na kinanda cha umeme kishushwe kiifuate, kwa sababu kinanda kina kitufe cha kushusha sauti lakini uzi uliooza hauna.

Sasa nije kwenye mkono, ambao ndio kazi yenyewe. Kigingi hakizunguki kama skrubu. Unapokivuta, kwanza kinajisokota chenyewe kama nguo inayokamuliwa, sauti inapanda, sindano ya simu inafurahi, na kumbe mguu wake ulio ndani ya somye haujasogea hata kidogo. Ukiondoa mkono hapo, kitajifungua polepole usiku kucha. Fundi anakivuta mpaka auhisi mguu unasogea, anapita juu kidogo, kisha anakirudisha kwa kukikandamiza tu, huku mkono wa pili unapiga kibao kwa nguvu, mara tatu, mara nne, ili uzi uteleze mahali pote unapoegemea na mkazo ugawanyike. Mwendo huo wote ni mdogo kuliko unene wa ukucha. Mimi masikio yalinifunguka baada ya miezi minane, lakini mkono ulinikubali mwaka wa nne.

Na hiyo spana, tafadhali, irudishe kwa mwenyewe. Ufunguo wa piano, ambao tunauita kle, una tundu lenye umbo la nyota linaloshika kigingi cha pembe nne bila kukila.

Mwalimu wa Solfeji anajibu:

Ninamheshimu sana Baba Fundi, na piano ninayofundishia watoto upande wa mtaa wa Golf imepita mikononi mwa watu wa aina yake, lakini sipendi kijana aondoke hapa akidhani kwamba sikio ni jambo la miezi minane tu halafu basi.

Programu nyingi za simu zinapima kila sauti peke yake kwa kufuata hesabu: noti ya la ya katikati ina mitetemo 440 kwa sekunde, la inayofuata juu yake ina 880, na kadhalika. Piano haikubali hesabu hiyo kikamilifu. Uzi wa chuma ni mgumu, na kwa ugumu wake zile sauti ndogo ndogo zilizomo ndani ya sauti kuu hupanda kidogo kuliko inavyotazamiwa, hivyo fundi analazimika kuzinyoosha oktava, yaani ule umbali wa la na la inayofuata: za juu anazipeleka juu kidogo, za chini anazishusha kidogo, na kiasi chenyewe kinatofautiana kati ya piano ndefu na ile fupi ya sebuleni. Tena hata katikati hakuna kinachokuwa safi kabisa. Kwinta zote, yaani umbali kama wa do na sol, zinabanwa kidogo mno na tersi kubwa, kama fa na la, zinapanuliwa zaidi, ili mtu aweze kupiga katika do, katika re bemoli au popote pengine bila kuumiza masikio. Upana huo unausikia kama mapigo ndani ya sauti. Ukipiga pamoja fa na la zilizo chini ya do ya katikati, zinapaswa kutikisika karibu mara saba kwa sekunde, ilhali kwinta ya do na sol iliyo hapo juu haifikishi hata pigo moja. Fundi anahesabu hayo akilini huku mkono wake unasogeza kigingi, na mimi niliyesoma muziki miaka mingi siwezi.

Wakati fulani alikuja kwetu mtu mwenye simu peke yake. Alituachia piano ambayo kila sauti ilikuwa sahihi ikipimwa, na nyimbo zake zilikuwa kavu kama bukari ya jana.

Fundi wa Kamalondo anaongeza:

Mwalimu amesema kweli na sibishani naye. Ziko programu zilizotungwa kwa ajili ya mafundi, ambazo zinazisikiliza kwanza nyuzi za piano ile ile na kukadiria namna ya kuinyoosha, na siku ambayo jirani amewasha jenereta hata mimi natumia moja, kwa sababu simu iliyowekwa karibu na uzi inasikia kuliko mimi. Bado hakuna programu inayokishikilia kigingi.

Mama wa Korali, Bukavu, anajibu:

Mniruhusu niseme kidogo kutoka upande wa wateja, maana mimi si fundi. Nimekuwa katibu wa korali hapa Bukavu kwa miaka kumi na mmoja, na kati ya vitu ninavyovitunza ni piano iliyowekwa karibu na dirisha linalotazama ziwa, mahali pazuri sana pa kupigia picha za arusi na pabaya sana pa kuwekea piano, jambo ambalo hakuna aliyetuambia.

Huku kwetu mvua zinachukua sehemu kubwa ya mwaka, na ukungu wa Kivu unaingia ndani asubuhi kama mgeni asiyebisha hodi. Vibao vilikuwa vinavimba na kukwama, ukikibonyeza kimoja hakirudi mpaka ukiinue kwa ukucha, na waimbaji wakazoea kuiita piano yetu «mgonjwa». Tulipopata fundi aliyekuwa anapita kutoka mji mwingine, tulikuwa tumeshachanga pesa za kulinganisha sauti. Alifungua ubao wa chini, akapiga magoti na tochi, akatoa kiota cha panya kilichofumwa kwa sufu iliyong'olewa katika nyundo zenyewe, pamoja na kurasa za kitabu chetu cha nyimbo. Kisha akaweka kle juu ya kigingi kimoja, akakizungusha kwa vidole viwili tu, bila kutumia nguvu, akaniambia nijaribu na mimi. Kilizunguka kama kijiko ndani ya uji. Alieleza kwamba somye imepasuka, kwamba angeweza kuchukua pesa zetu na piano ingelia vizuri mpaka Jumapili, lakini si mpaka Jumapili ya pili. Alipokea nauli tu.

Wengine katika kamati walikasirika na kusema kwamba hajui kazi. Mimi tangu siku hiyo, kila mtu akiniuliza habari za fundi wa piano, namba yake ndiyo ninayoitoa, na ninajua kwamba amepata kwa masista na katika shule mbili kazi ambazo asingezipata kama angetudanganya. Basi kijana wetu naye ajifunze mapema namna ya kumwambia mtu kwamba piano yake imekufa, kwa sababu wateja wengi wa miji yetu wana piano za namna hiyo, na wanazipenda kama wazazi.

Kijana wa Katuba anaandika tena:

Aksanti sana Baba Fundi, Mwalimu na Mama. Kigingi kinachojisokota nimekielewa, na nimeona haya nilipokumbuka jinsi nilivyokuwa naitazama sindano. Baba Fundi, naomba unisaidie na yale mawili yaliyobaki. Siku yako inakwendaje, na pesa zinatosha?

Fundi wa Kamalondo anajibu:

Nitakusimulia siku ya juzi, ambayo haikuwa nzuri wala mbaya.

Niliondoka Kamalondo saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu bidhaa ninayoitafuta kabla ya pesa ni ukimya, na katika jiji hili ukimya unauzwa asubuhi tu. Ikifika saa tatu kuna jenereta, kuna mtu anayepasua kuni, kuna redio ya mlinzi, na mapigo ya fa na la hayasikiki tena. Mteja wa kwanza ni familia yenye piano ya kusimama iliyotunzwa vizuri. Nilifungua mbao, nikaingiza kati ya nyuzi ule ukanda wa fetre, kitambaa kizito cha sufu, unaozinyamazisha za pembeni ili ya katikati ilie peke yake, nikagonga kwenye goti diapazoni, ule uma wa chuma unaolia sauti moja, na kuchukua la. Kutoka hapo nilipanga oktava ya katikati, nikaenda juu, nikaenda chini, kisha nikautoa ukanda na kuzioanisha nyuzi za kila sauti mpaka tatu zikawa kama moja. Hiyo ni saa mbili za kazi ukiwa unaijua piano. Chini ya vibao nilikuta penseli, kifungo cha shati na sarafu tatu za makuta, za wakati wa zaire. Mwenye nyumba alizishika mkononi muda mrefu, akasema ni lazima marehemu baba yake ndiye aliyeziangusha. Alinipa chai na mkate.

Mteja wa pili ni kanisa moja huko komini ya Kenya, hapa hapa jijini, ambako walikuwa wameniahidi kwamba jumba litakuwa tupu. Nilikuta korali mbili zinafanya mazoezi, moja ndani na moja chini ya mwembe. Nilisubiri mpaka saa saba, nikafanya kazi ya mikono isiyohitaji ukimya: kubandika nyundo mbili zilizovunjika shingo, kubadilisha fetre zilizoliwa na nondo, kuchimbua udongo wa mchwa katika mguu mmoja. Kusema kweli, kazi hizo ndizo zinazonilisha. Katika jiji hili simjui mtu anayeishi kwa kulinganisha sauti peke yake. Kulinganisha piano moja kunanipa gunia la unga la kilo 25 na makaa ya kulipikia, na katika siku moja huwezi kufanya zaidi ya piano mbili, tatu ukijiumiza, kwa sababu masikio huchoka kabla ya mgongo. Kisha wateja wenyewe hukuita wote kwa wakati mmoja, kabla ya Noeli na kabla ya Pasaka, halafu zinakuja wiki ambazo simu hailii kabisa. Katika wiki hizo ninatengeneza magitaa, harmonia za misheni na hata viti. Mara mbili tatu kwa mwaka ninapanda basi kwenda Likasi, kilomita 120 hivi, au Kolwezi, kama 300, na huko ninakusanya piano zote za mji kwa safari moja, vinginevyo nauli inakula faida.

Jambo ambalo kijana wa hapa lazima alijue ni majira. Ubao wa sauti ni mbao nyembamba ya jamii ya misonobari, nao unakunywa hewa. Kuanzia Mei mpaka Septemba hewa ya Lubumbashi inakauka hata midomo inapasuka, ubao unalala, sauti zinashuka, na somye inakauka mpaka vigingi vinalegea. Mvua zikikolea Novemba na Desemba ubao unavimba na kuzisukuma nyuzi, sauti zinapanda, hasa zile za katikati. Ukilinganisha piano katika wiki ya kwanza ya mvua umefanya kazi ya bure, na mteja atakuita mwongo kabla ya Noeli. Mimi nasubiri wiki kadhaa hewa itulie. Wakati wa kiangazi nawashauri watu waweke chupa ya maji yenye mdomo mpana ndani ya piano, chini kabisa, mbali na vibao, na wasiweke chombo cha maua juu yake, ingawa najua wataendelea kukiweka.

Alasiri nilikwenda kumtafuta dereva anayesafiri Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa, nikampa uzi wa besi uliokatika, nimeufunga katika karatasi pamoja na vipimo vya chuma chake na vya shaba yake. Uzi wa besi hauuzwi kwa mita, kila mmoja hutengenezwa kwa kipimo chake. Huwa ninacheka peke yangu kwenye kituo cha malori: shaba inayochimbwa kwetu inapita pale kwa tani, nami nasubiri wiki nne mita moja na nusu ya waya wa shaba irudi.

Kwa hiyo nakujibu hivi: utakula, ukikubali kuwa seremala, mshonaji wa fetre, msafiri na mtu wa kuamka mapema, na usipoacha redio zako kwa miaka mitatu ya kwanza.

Ile piano ya kanisa usiiguse tena. Vigingi viwili ulivyovila nitavibadilisha kwa vinene zaidi kidogo, ninavyo nyumbani, na uzi uliokatika nitautazama kama ni wa chuma kitupu, maana huo ninao katika boksi. Jumamosi ninapita Katuba. Waambie wafungue mlango saa kumi na mbili, mazoezi ya korali yasianze kabla ya saa nne, na wewe ulete tochi, kitambaa kikavu na brashi ya rangi isiyotumika. Kle utashika yangu, kwa kigingi kimoja tu, cha sauti ya juu kabisa, ambako hata ukikosea hakuna atakayesikia.

Kijana wa Katuba anaandika tena:

Nimeshazungumza na mwenye ufunguo wa kanisa. Anauliza kama kuku wanaolala nyuma ya piano waondolewe Ijumaa usiku au inatosha alfajiri.

Fundi wa Kamalondo anajibu:

Ijumaa, tena mchana. Na mpige picha nyuma ya piano kabla ya kufagia, nione wamekula nini.